Hoho za Bi Thuwaiba

Bi Thuwaiba, bibi yake mke wangu, tulimzika Ibra mwezi uliopita, na siku ya pili ya matanga wanawake walicheka. Hakikuwa kicheko cha kufichwa kwa ncha ya mtandio. Walicheka mpaka jirani akachungulia kuuliza kama hii ndiyo nyumba ya msiba au kakosea mlango. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, kikombe cha kahawa mkono mmoja na tende mkono wa pili, uso nimeukunja inavyotakiwa, na kicheko kile kilipopenya ukutani nikajua papo hapo kinachosimuliwa. Kuna kisa kimoja tu cha marehemu kinachoweza kuwavunja mbavu watu wazima msibani, na kisa hicho nimo, tena nimo vibaya. Ami Humud, mtoto wa marehemu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa ila kuitikia salamu, akaniinamia sikioni. "Wanasema hoho," akaninong'oneza, na mabega yakaanza kumtikisika. Mgeni aliyekaa kando yake, mtu mwema kutoka Sur asiyejua Kiswahili, akadhani mzee kazidiwa na majonzi, akamshika mkono akimhimiza kwa Kiarabu awe na subira.

Mwaka wa kisa hicho nilikuwa mnunuzi wa kambi moja ya watalii nje ya Al Mintirib, kusini ya Maskati, pale lami inapokwisha na mchanga kuanza. Asili na fasili ya ukoo wangu sitaieleza. Wenzangu waliofanya hivyo katika kumbukumbu zao wamenichosha vya kutosha. Itoshe kusema kwamba kwetu Nizwa tulizungumza Kiswahili tulichotoka nacho Tabora, na tulikizungumza kwa sauti. Kazi yangu ilikuwa kupeleka pikapu Ibra na kurudi na mboga, mayai, barafu na malalamiko ya wauzaji. Msimu ule wa baridi wenye kambi walileta mpishi kutoka Uingereza, wazazi wake watu wa Jamaika, jina lake Lloyd, pande la mtu lenye sauti nyembamba, aliyekuwa na tabia ya kuzungumza na nyama. Jiko la kambi lilikuwa banda la makuti ya mtende lenye friji mbili zilizokoroma kwa zamu, na Lloyd alilikataa siku ya kwanza. Akatafuta pipa la chuma, akalipasua kwa urefu, akaweka wavu juu, akalijaza kuni za samr, ule mgunga wa jangwani, huku akilalamika kuwa kwao hutumika mti mwingine ambao huku hauoti. Kisha akatoa kwenye sanduku lake mfuko wa punje kavu zilizofanana na pilipili manga, akaniambia ninuse. Nikanusa karafuu, mdalasini na kungumanga, vyote vimo ndani ya punje moja. Nilidhani ananifanyia mzaha.

Nyama aliyoichoma kwa viungo vile aliiita jerk, na ndimi zetu zikatua kwenye neno lililo karibu: jeki. Nyama ya jeki. Alizisaga punje zake pamoja na tangawizi, thomu, majani ya vitunguu, zaatari, ndimu, sukari guru na pilipili mbuzi, zile fupi zenye mikunjo, zinazonukia tunda na kuwasha kuliko zote, akaipaka nyama na kuiacha ilale navyo mpaka asubuhi. Pilipili mbuzi nilimletea mimi. Mama yangu alizipanda Nizwa kwenye makopo ya samli. Mara ya kwanza Lloyd alitia kama wanavyotia kwao, na bwana mmoja Mjerumani akaondoka mezani bila kuaga, akaenda kusimama peke yake juu ya tuta la mchanga. Baada ya hapo akapunguza. Akatia pilipili mbuzi moja tu, na mahali pa zile nyingine akasaga hoho nyekundu kwa wingi, zile nene tamu ambazo hata mtoto anazitafuna kama tofaa. Nyama ikatoka nyekundu, laini, ina utamu mbele na moto kidogo nyuma, na watalii wakawa wanalamba vidole na kulipiga picha pipa. Nilimfuatia kila hatua mpaka siku zake za mapumziko akawa ananiachia pipa lote. Nilijiona nimeshakuwa mtu.

Na nilihitaji kuwa mtu, kwa sababu nilitaka kumuoa Rayya. Alikuwa akisomesha hesabu katika skuli ya wasichana Ibra, na namna tulivyojuana ni siri yetu sisi na muuza nyanya mmoja. Rayya alilelewa na bibi yake, Bi Thuwaiba, aliyezaliwa na kuolewa Unguja mjini na kuondoka huko baada ya mapinduzi na watoto wawili mkononi. Kisheria, kwa kuwa baba yake alishafariki, walii wa Rayya, yaani mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa ami yake Humud, aliyekaa Sur, lakini Ami Humud hakuwa akinunua hata viatu bila kumuuliza mama yake. Kwa hivyo nilipokwenda kujitambulisha, nilijua ninayekwenda kumwona. Bi Thuwaiba alinikaribisha chumba cha mbele. Makochi yamevishwa plastiki, na ukutani zipo saa mbili, moja inakwenda kama saa za watu wote na ya pili imetegwa kwa saa za Kiswahili, kwa kuwa yeye, alisema, hakuona sababu ya kuhesabu jua upya uzeeni. Mezani palikuwa na kawa la ukindu wa rangi, na chini ya kawa mkate wa kumimina na sambusa ndogo zilizokunjwa kwa ustadi mkubwa. Nikala, nikasifu, nikaulizwa kazi, nikajibu. Akatoka kwenda kuongeza chai. Mara kiyoyozi kikajizima chenyewe, na katika ukimya ule nikasikia sauti yake kutoka jikoni.

"Umemsikia? 'Huwaga naendaga Ibra.' Huwaga! Naendaga! Hizo ga-ga zote za nini, mwanangu, anaita bata?"

"Bibi, atasikia."

"Nimesikia mie, yeye kwa nini asisikie? Kijana sura anayo, adabu anayo, lakini Kiswahili chake kina mchanga. Na wanao watakuja kusema vivyo hivyo, mie n'na macho natazama."

Alirudi na birika, akanitabasamia kwa upole kabisa, akanimiminia. Nikanywa chai ile huku nikikichunguza kila kitenzi kabla sijakitoa mdomoni, na kwa kuwa vitenzi vyangu vingi vilikuwa na ga, nikawa mkimya ghafla. Baadaye Rayya aliniambia bibi yake aliusifu ukimya huo.

Jibu lenyewe hakulitoa. Alisema Mfunguo Tatu, yaani Idi Kubwa, siku ya pili, siku ambayo wanaume huchoma mishikaki uani, nije na mama yangu, nichome mimi, Ami Humud atapanda kutoka Sur, na neno litatoka mbele ya wote. Rayya akaniongezea la pembeni. Huko Sur kulikuwa na mtu mwingine anasubiri, rafiki wa ami yake, mwenye nyumba ya ghorofa na Kiswahili kichache lakini kisafi. "Bibi akisema la, khalas, mimi siwezi kumvunja," aliniambia. "Wewe pika vizuri tu." Nikafikiri sana juu ya hilo. Mishikaki ya kawaida kila mwanamume wa Ibra anaichoma, na Bi Thuwaiba alikuwa ameila katika Idi zote za maisha yake ya huku. Kama nilikuwa na kitu kimoja cha kuufunika mchanga wa Kiswahili changu, kilikuwa jeki.

Shida ni kwamba siku za Idi kambi hujaa, na nisingeweza kutoka mpaka asubuhi ya siku yenyewe, na jeki isiyolala na viungo vyake si jeki. Punje za Lloyd na pilipili mbuzi moja nilikuwa nimeshampa Rayya. Siku ya kwanza ya Idi, baada ya alasiri, nikapiga simu kutoka ofisi ya kambi nimwelekeze la kufanya. Akapokea Bi Thuwaiba mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nyama ishachinjwa, iko hapa inakungoja. Wataka tuifanyeje?"

"Nilitaka ilale na viungo, Bibi. Ni nyama ya jeki."

"Jeki? Hii ya kunyanyulia gari?"

"Ni jina tu, Bibi."

"Haya, nitajie hivo viungo. Rayya yumo bafuni, nami si mgeni wa jiko."

Nikamtajia kimoja kimoja, naye akawa anaitikia, tangawizi ehe, thomu ehe, zaatari ehe. Nikafika mwisho. "Na hoho kilo moja, Bibi. Zote zisagwe."

Nikasikia simu inahamishwa sikio.

"Kilo ya nini?"

"Hoho."

"Kilo nzima?"

"Nzima, Bibi. Na ukiona hazitoshi, ongeza. Usiziogope, hizo ndizo zinazoleta utamu. Huku kambini watoto wa Kizungu wanazitafuna mbichi."

"Mbichi," alisema taratibu. "Na nyinyi huko kwenu bara, mwazila hivo?"

"Kila siku, Bibi. Mama anazikatia hata kwenye kachumbari."

"Basi vyema, mwanangu. Kila watu na ada zao."

Msomaji wa bara mpaka hapa hajaona kitu. Msomaji wa Unguja ameshaweka kitabu chini na kujishika kichwa. Kwa watu wa Bi Thuwaiba, ile nene tamu ni pilipili boga, na hoho ni ile nyekundu, ndefu, nyembamba, inayowasha mpaka masikioni. Mimi nilikulia Nizwa nikisema hoho na sijawahi kuambiwa kuna hoho nyingine. Rayya, ambaye kwa Kiarabu chake zote ni filfil, alipotoka bafuni alimkuta bibi yake ameshavaa viatu. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa Idi, kwa hivyo Bi Thuwaiba alipita nyumba hata nyumba mtaani kuomba hoho, na majirani wakampa walizonazo, wengine mbichi, wengine kavu, mpaka mizani ikakubali. Akajifunga kanga puani, akazitwanga kwenye kinu mwenyewe, blenda hakuiamini. Watoto wa nyumba ya pili walipiga chafya mpaka Magharibi. Rayya alimwambia, "Bibi, hii filfil nyingi sana, watu watakufa." Bibi akamjibu: "Nimeambiwa kilo, natia kilo. Hatatoka mtu Tabora akaja kusema Bi Thuwaiba kaogopa pilipili."

Asubuhi nikafika. Mama yangu alikuwa ametangulia kutoka Nizwa, amevaa dhahabu zake zote, na uani mikeka miwili ilikuwa imeshatandikwa, wanawake huku na wanaume kule, pazia hakuna, maneno yanavuka. Nilipoifunua nyama niliiona ni nyekundu kupita ya Lloyd, nikafurahi. Nikatunga mishikaki, nikawasha kuni za samr nilizokuja nazo, nikaanza. Moshi ulipowafikia watu wakakohoa, nami nikawaeleza kwa fahari kuwa ndiyo tabia ya kuni hizi. Mshikaki wa kwanza nikampa Ami Humud kwa heshima yake. Akapiga bismillahi, akatia kipande kizima. Akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna, akanitazama, na kwa sauti ya mtu aliyeona kitu baharini akauliza kwa Kiarabu hii nini: "Mo hadha?" Hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwa muda mrefu. Lakini kipande hakukitema, kwa kuwa yuko nyumbani kwa mama yake mbele ya wageni, na waliomfuata nao hawakutema, kwa kuwa Ami Humud hakutema. Kila mtu akangoja mwenzake awe wa kwanza. Uani kukawa na watu wazima, kanzu zao za Idi na kofia zao zilizodariziwa, wanatafuna kimya huku machozi yanawamwagika, na mmoja wao akiendelea kunisifu kwa ishara ya kidole gumba. Mimi nilionja wa mwisho. Nikajua maisha yangu yamekwisha, tena kwa mkono wangu.

Mama yangu hakuwa mtu wa ishara. "Mbarak, umetia nini humu?"

"Hoho, Mama. Hoho tu na viungo."

"Hoho haiwashi," alisema Mama kwa uani mzima.

Bi Thuwaiba akageuza shingo. "Haiwashi? Na hichi kinachomliza Humud ni nini, kitunguu?"

"Sijui, Bi Thuwaiba. Mimi nasema hoho haiwashi. Nimepika hoho miaka yote, stuu, pilau, mpaka za kujaza nyama. Kama inawasha basi kimetiwa kingine."

"Kimetiwa na nani?" Akauliza kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko kelele. "Jiko langu. Kinu changu. Sema bibi, kimetiwa na nani?"

Mama akafungua kinywa. Mimi nikaiona ile nyumba ya ghorofa ya Sur, nikaona hata mapazia yake. Nilijua neno likitoka sasa halitarudi, na kwamba mimi ninayeweza kuliamua nina ulimi ulioungua. Nikasema, "Mama, Bibi," kisha nikakwama hapo, sijui nianze kumtetea nani mbele ya nani. Aliyetuokoa ni Rayya. Alikuwa ameingia jikoni, akatoka na sinia, akaliweka katikati ya mkeka wa wanawake. Juu yake pilipili mbili, moja nene ya kijani kutoka kwenye friji, moja nyekundu nyembamba iliyosalia kinuni.

"Bibi, hii jina yake nini?" Akashika ile nene.

"Boga. Pilipili boga. Hujui weye?"

"Mama, na wewe? Hii hii."

"Hoho," alisema Mama.

Rayya akaitikia kwa kichwa. Akaishika ile nyembamba, akaiweka chini tena, akakaa. Nikaona Mama anaelewa, kisha Bibi anaelewa, kisha Ami Humud, ambaye sauti haikuwa imerudi, akaanza kucheka bila sauti mpaka akalala ubavu juu ya mkeka. Uani mzima ukamfuata. Mama akacheka akijifuta kwa ncha ya mtandio na kuyafanya macho yawe mabaya zaidi, kwa kuwa mtandio nao ulishagusa nyama. Maziwa lala yakaletwa, halua ikaletwa, watu wakawa wanakula halua kama dawa. Mimi peke yangu sikucheka, kwa kuwa Bi Thuwaiba hakucheka. Alikuwa analitazama sinia. Kisha akanyoosha mkono, akachukua mshikaki mwingine, akala.

Alikula polepole, kipande baada ya kipande, machozi yanamshuka hata hayafuti. "Karafuu naipata," alisema, hakuwa akimwambia mtu. "Mdalasini naupata. Kungumanga. Vimo vyote, ndani ya moto wote huu vimo." Akachukua wa pili. "Tangu nishuke nchi hii natiliwa wali na nyama ya kuchemsha, naambiwa kula, Bi Thuwaiba. Nikala. Sikusema kitu." Watu waliacha kucheka mmoja mmoja. Sote tulikuwa tumeshakauka macho, na yeye alikuwa bado analia, na Ami Humud akahamia kimyakimya kwenye mkeka wa wanawake akakaa karibu na mama yake, goti kwa goti. Rayya aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kumwona bibi yake akilia hata mara moja, hata msiba ulipoingia nyumba ile. Mimi nilimpenda Bi Thuwaiba tangu saa ile, na mapenzi hayo hayakuwa na uhusiano wowote na kumtaka mjukuu wake.

Alipomaliza, alijipangusa midomo, akamgeukia mama yangu. "Nyinyi watu wa bara Kiswahili hamkijui," alisema. "Lakini kula mwajua. Huyu mwari nawapa. N'na sharti moja: watoto wao watasema boga."

Nilitaka kuitikia kabla hajameza mate. Mama akanitangulia. "Tumeshukuru sana, Bi Thuwaiba. Mahari semeni, tutatoa. Ila watoto watasema hoho, kama baba yao."

Nikasema, "Mama, boga, boga ni sawa." Mama akaniambia ninyamaze, haya ni mambo ya wakubwa. Na huo ndio uliokuwa mjadala wa posa yangu. Mahari ilikubaliwa kwa sentensi moja, lakini boga na hoho vilikwenda mpaka adhana ya adhuhuri. Ami Humud, sauti ikianza kumrudia kama ya jogoo mchanga, akapendekeza wasichana waseme boga na wavulana waseme hoho. Likakataliwa pande zote mbili. Hapo Rayya, ambaye alikuwa amechoka na alitaka tu kuolewa, akasema, "Kwani si waseme filfil barid basi, kwa Kiarabu? Kila mtu anafahamu."

Wanawake wale wawili wakamgeukia kwa pamoja. Sijapata kuona watu wawili wakipatana haraka vile. "Filfil," alisema Bi Thuwaiba. "Filfil," alisema mama yangu, akavuta mto wake, akaenda kukaa upande wa Bi Thuwaiba, na tangu hapo mchana wote wakamkalia Rayya wa watu kooni, hii yaitwaje, na hii je, na ile, mwiko, upawa, kibao cha mbuzi, mmoja akimsahihisha kwa Kitabora na mwenzake akimsahihisha yule aliyesahihisha. Mimi nikagundua nimeshaposa pale Ami Humud aliponipigia goti, akainua mikono, akasema tusome Fatiha.

Tukaoana mwaka ule ule. Maisha yakatupeleka Maskati, kazi, chekechea, jirani Mmisri, katuni za Kiarabu kwenye televisheni kuanzia alfajiri. Tulisema tutawafundisha watoto wakikua kidogo. Binti yetu wa kwanza alipoanza kusema vizuri tulimpeleka Ibra, na Bi Thuwaiba akampakata jikoni, akachagua pilipili boga moja kubwa ya kijani kutoka kwenye kapu, akamwekea mkononi.

"Hii nini, mama?"

Mtoto akaitazama, akafurahi kuwa anaijua. "Filfil."

Bibi akaigeuza, akamwonyesha na upande wa pili. "Itazame vizuri. Hii nini?"

"Filfil, Bibi."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Bi Thuwaiba hakumkemea mtoto. Alimbusu utosini, akamwacha acheze nayo. Kisha akainua macho, akanitazama mimi.

"Mbarak," alisema, "si bora ungemfunza hoho."